Upanga wa kale wa Kijapani na karatasi zinazoufuata

Mtu anayenunua upanga wa kale wa Kijapani leo hanunui chuma peke yake. Pamoja na chuma hicho hupokea rundo la karatasi: hati ya usajili kutoka bodi ya elimu ya mkoa fulani wa Japani, pengine cheti cha wataalamu wa Tokyo, kibali cha kuutoa nchini, tamko la forodha, na katika baadhi ya nchi ushahidi wa kuwaonyesha polisi kwamba kitu hicho ni cha kale na hakikuundwa kwa vurugu za mitaani. Kila karatasi hutolewa na wenye mamlaka na kila moja ina kazi yake. Msimamo wangu ni kwamba hasara nyingi katika biashara hii, za fedha na za chuma chenyewe, hutokea pale mtu anapoitaka karatasi ijibu swali ambalo haikuandikwa kulijibu.

Nianze na hati ya usajili, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliyoikalia nchi yaliamuru raia wakabidhi silaha zao zote, na panga zilihesabiwa humo bila kutofautisha ule uliotoka kiwandani juzi na ule uliofuliwa miaka 700 iliyopita. Nyingi ziliyeyushwa, nyingine zikatupwa baharini, na nyingine zikabebwa na askari kama kumbukumbu ya vita. Wataalamu wa Kijapani, akiwamo Honma Junji, walimshawishi Kanali Cadwell wa jeshi hilo kwamba upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi ni kazi ya sanaa, na kuanzia mwaka 1946 panga zenye thamani ya sanaa ziliruhusiwa kubaki kwa wenyewe. Msimamo huo ndio unaoendelea katika sheria ya mwaka 1958 ya kudhibiti bunduki na panga, inayotumika mpaka leo. Kwa sheria hiyo kinachosajiliwa ni upanga wenyewe, si mwenye upanga. Mtu hahitaji leseni ya kuumiliki, mradi uwe na hati yake, na akiununua anatakiwa kuiarifu bodi ya elimu iliyotoa hati hiyo ndani ya siku 20.

Mimi nauona utaratibu huo kuwa na hekima kubwa, kwa sababu unauliza kitu kilitengenezwaje kabla ya kuuliza kinaweza kudhuru namna gani. Hata hivyo, tazama kilichoandikwa kwenye hati yenyewe: nambari, aina ya upanga, urefu, kiasi cha kupinda, idadi ya matundu ya kigingi kinachoshikilia mpini, na sahihi ya mhunzi kama ipo. Sahihi hunakiliwa kama ilivyochongwa. Upanga ukiwa na jina la Kotetsu, mhunzi wa Edo (jina la zamani la Tokyo) wa karne ya 17 ambaye huenda hakuna aliyeghushiwa zaidi yake, hati itasema una jina la Kotetsu, na itakuwa imesema kweli. Haisemi kwamba Kotetsu ndiye aliyeufua. Muuzaji asiye mwaminifu akimwandikia mgeni kwamba upanga "umesajiliwa na serikali ya Japani", maneno yake ni sahihi kabisa na udanganyifu umekwisha kufanyika, kwa kuwa mnunuzi amesikia kwamba serikali imeuthibitisha.

Ndiyo maana wanaoujua upanga huanza kwa kuvua mpini. Kigingi cha mwanzi kikisukumwa kutoka, mpini huteleza na kuiacha wazi sehemu ya chuma iliyokuwa imejificha ndani yake, ambayo Wajapani huiita nakago. Sehemu hiyo hainolewi wala haisuguliwi kamwe. Kutu yake, ambayo kwenye upanga wa karne nyingi huwa nyeusi, laini na iliyokolea kama ngozi, ndiyo kumbukumbu ya umri. Mtazamaji huinamisha chuma kwenye taa na kutazama ndani ya mistari ya sahihi: je, kutu iliyo chini ya mfereji wa tindo ni ileile iliyo juu ya uso, au ndani kuna wekundu mpya unaoonyesha kwamba jina lilichongwa baadaye sana? Alama za tupa zinaelekea upande ambao mhunzi huyo alizoea kuzielekeza? Tundu la kigingi ni moja, au yapo mawili na matatu, dalili kwamba upanga ulifupishwa kwa ajili ya mmiliki mwingine na huenda sahihi ya asili ilikatwa pamoja na kipande kilichoondolewa? Huko Ulaya na Marekani warithi wengi wamewahi kuipaka sehemu hii msasa na dawa ya kung'arisha vyuma ili upanga wa babu upendeze kabla ya kuuzwa. Kwa mchana mmoja wa kazi hiyo hufuta ushahidi uliokusanyika kwa miaka 400, na hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha.

Swali la uhalisi lina karatasi yake nyingine. Mwaka 1948 kiliundwa Chama cha Kuhifadhi Panga za Sanaa za Kijapani, kinachofahamika kwa kifupi kama NBTHK, ambacho makumbusho yake yako Ryogoku, Tokyo, tangu mwaka 2018. Chama hicho hupokea panga, jopo lake hukaa na kuzitazama, kisha hutoa vyeti vya madaraja manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Bei hupanda kwa kila daraja, na upanga wenye cheti cha Juyo huuzwa katika ulimwengu tofauti na ule usio na chochote. Vipo pia vyeti vya zamani, vya kabla ya mfumo wa sasa kuanza mwaka 1982, na baadhi ya hivyo, hasa vinavyotaja wahunzi wakubwa, havikubaliki tena sokoni bila upanga kupelekwa upya mbele ya jopo. Kwa hiyo hata neno "una cheti" halitoshi. Inabidi mtu aulize ni cheti gani na cha mwaka gani.

Hapa ndipo ninapoona jambo linalostahili kujadiliwa kwa uzito zaidi kuliko linavyojadiliwa. Jopo likiona kwamba sahihi ni ya kughushi, halitoi cheti, hata kama upanga wenyewe ni mzuri sana. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini tazama inachozaa. Mmiliki anarudi nyumbani na upanga mzuri wenye jina baya. Anampelekea fundi, fundi anaiondoa sahihi ile kwa ustadi na kuirudishia kutu sura ya zamani, hati ya usajili inarekebishwa kwa kuwa haifanani tena na chuma, kisha upanga unarudi mbele ya jopo ukiwa hauna jina, na safari hii unapewa cheti kinachoutaja kuwa ni kazi ya shule fulani ya wahunzi. Thamani imepanda, na wengi katika biashara hawaoni kosa lolote. Mimi naliona kosa. Sahihi ya kughushi iliyochongwa katika zama za Edo, yaani za utawala wa Tokugawa, nayo ni historia: inatuambia jina gani lilitamaniwa, na nani, na kwa nini. Kuifuta ili karatasi ipatikane ni kukirekebisha kitu ili kifuate maelezo yake, ilhali kazi ya maelezo ni kukifuata kitu.

Tamaa hiyo si ya leo. Ukoo wa Honami, uliowatumikia mtawala Toyotomi Hideyoshi na baadaye watawala wa ukoo wa Tokugawa kama wakaguzi wa panga, ulikuwa ukitoa karatasi za kukunjwa zilizotaja mhunzi na thamani ya upanga kwa vipande vya dhahabu. Mabwana walipeana panga kama zawadi za heshima, na zawadi ilipimwa kwa maandishi yaliyoambatana nayo. Karatasi hizo nazo zilighushiwa. Mnunuzi wa leo anayepewa upanga wenye sahihi ya uongo, pamoja na karatasi ya Honami ya uongo inayoitetea sahihi hiyo, anakutana na ulaghai ambao huenda una miaka 200, na ambao kwa uzee wake umeanza kuonekana wa kuaminika.

Kuuza kwa njia ya picha kumeongeza ugumu. Uzuri wa upanga wa Kijapani uko katika vitu ambavyo kamera hushindwa kuvinasa: michirizi kama ya mbao katika chuma kilichokunjwa na kupigwa tena na tena, na mstari wa hamon ambako makali yaliyopozwa ghafla majini hutengana na mwili uliopozwa polepole kwa sababu ya udongo uliopakwa. Mstari huo huonekana kwa kuuinamisha upanga chini ya taa moja, na picha iliyong'arishwa kwa programu inaweza kuuonyesha pale usipokuwapo. Kinachofichika zaidi ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokatiza makali, ambao huua thamani ya upanga karibu yote. Mtu akinunua kutoka mbali bila haki ya kurudisha, amenunua picha. Naamini muuzaji yeyote wa heshima anapaswa kuonyesha nakago pande zote mbili, ncha kwa karibu, na kila kasoro bila kuulizwa, na asipofanya hivyo mnunuzi asiendelee kumtafutia visingizio.

Gharama ya kunoa nayo huwashtua wageni. Fundi wa Kijapani huutia upanga kwenye mfululizo wa mawe kuanzia yenye kukwaruza hadi yaliyo laini kama unga, malipo huhesabiwa kwa urefu, na foleni huweza kuwa ya miezi mingi. Kila mara kazi hiyo inapofanyika, chuma hupungua. Upanga ulionolewa kupita kiasi huonyesha moyo wake wa chuma laini, na hapo hauna tiba. Kwa sababu hiyo upanga wenye kutu kidogo uliotunzwa kwa mafuta ni salama zaidi mikononi mwa mtu anayesubiri kuliko mikononi mwa mtu mwenye bidii na jiwe la kunolea visu vya jikoni.

Tukija kwenye usafirishaji, hati ya usajili inafika mwisho wa maisha yake. Ili upanga utoke Japani, maombi hupelekwa kwa Wakala wa Masuala ya Utamaduni, ambao huhakikisha kwamba kitu hicho si Hazina ya Taifa wala Mali Muhimu ya Utamaduni, wala hakimo katika orodha ya kazi muhimu za sanaa iliyoanzishwa kabla ya vita kuu. Hivyo haviruhusiwi kuondoka. Kibali kikitoka, mara nyingi baada ya majuma kadhaa, upanga huondoka na hati ya usajili hurudishwa ilikotolewa. Kwa mtazamo wa Japani jambo hilo linaeleweka, maana upanga haupo tena nchini. Kwa mtazamo wa chuma chenyewe ni msiba mdogo. Nambari iliyouambatanisha na vipimo vyake, na pengine na mahali ulipojitokeza mara ya kwanza, inakatika siku ileile unapoingia katika dunia isiyoujua.

Na dunia hiyo ina maswali yake. Uingereza na Wales zilipiga marufuku mwezi wa Aprili 2008 uuzaji na uingizaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi, kwa sababu ya nakala za bei rahisi zilizokuwa zikitumika katika uhalifu. Panga zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1954, na zile zilizofuliwa kwa mikono kwa njia za jadi, ziliachwa nje, lakini kama utetezi ambao mwenye upanga ndiye anayepaswa kuuonyesha. Jimbo la Victoria nchini Australia lilizipiga panga marufuku mwaka 2004 na kuwawekea wakusanyaji masharti yao. Kwenye forodha upanga unaweza kuingizwa katika kifungu cha 9307, cha panga na silaha za namna hiyo, au kifungu cha 9706, cha vitu vya kale vilivyozidi miaka 100, na nchini Uingereza tofauti hiyo peke yake hufanya kodi ya ongezeko la thamani wakati wa kuingiza iwe asilimia 5 badala ya 20. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unamtaka mwagizaji wa vitu vingi vya utamaduni vilivyozidi miaka 200 na vyenye thamani ya euro 18,000 au zaidi atoe tamko kwamba vilitoka kihalali vilikotoka. Ofisa anayefungua kasha hana muda wa kujifunza kutu. Anatafuta karatasi inayosema mwaka, na upanga mwingi wa kale hauna mwaka ulioandikwa popote isipokuwa kwenye cheti cha Kijapani ambacho hawezi kukisoma.

Kampuni nyingi za vifurushi hukataa panga moja kwa moja, za kale na mpya, kwa kuwa masharti yao hayana nafasi ya kufafanua. Zinazokubali huweka ukomo wa bima ulio chini sana ya thamani ya upanga mzuri. Anayepakia kwa uangalifu huvua mapambo na kuuweka upanga ndani ya ala ya mbao nyeupe ya honoki, hupaka mafuta mepesi, huhakikisha kigingi kimekaa, hufunga mahali ala na mpini vinapokutana kwa kitambaa ili visiachane njiani, kisha huingiza vyote ndani ya bomba gumu lililojazwa kila upande ili kitu kisitembee hata kidogo. Wanaopuuza hatua ya kufunga hupokea habari mbaya: kasha limeangushwa kwa upande wa ncha, upanga umepasua ala, na ncha imevunjika. Ncha ikivunjika hadi mpaka wa mstari wa hamon ndani yake, hakuna kunoa kutakakouokoa.

Mapambo yana mtego wa aina nyingine, nao unatugusa huku kwetu. Katika zama za Meiji, zilizofuata zama za Edo, baada ya amri ya mwaka 1876 kukataza watu kutembea na panga hadharani, mafundi wengi walichonga ala na mipini ya pembe za ndovu kwa ajili ya wateja wa kigeni. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza mwaka 1989 kwamba biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ikomeshwe, na masharti yaliyofuata, pamoja na yale ya Marekani ya mwaka 2016 na ya Uingereza yaliyoanza kutumika mwaka 2022, yamefanya vipande hivyo viwe vigumu sana kuvusha mipaka. Wafanyabiashara hulalamika kwamba ndovu wa karne ya 19 hawezi kufufuliwa. Ni kweli, lakini pembe mpya iliyopakwa rangi ya chai imewahi kuuzwa kama ya kale mara nyingi mno, na kati ya ala iliyochongwa kwa watalii na kundi la ndovu walio hai katika Selous, sioni sababu ya kusitasita.

Kundi linaloumia zaidi katika mfumo huu wote ni panga zilizotoka Japani bila karatasi yoyote, mikononi mwa askari. Tokugawa Iemasa, mkuu wa ukoo wa watawala wa zamani, alikabidhi upanga unaoitwa Honjo Masamune katika kituo cha polisi cha Mejiro mwezi wa Desemba 1945, ukiwa umekwisha kutangazwa Hazina ya Taifa. Mwezi uliofuata ulipewa mwanajeshi wa Kimarekani ambaye jina lake liliandikwa kwa kusikilizwa tu, na halikupata kuoanishwa kwa hakika na mtu yeyote. Upanga haujaonekana tena. Kinyume chake, Walter Compton, mwenye viwanda wa Indiana, alinunua Marekani upanga wa mhunzi Kunimune, akagundua kwamba ulikuwa Hazina ya Taifa ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima, na mwaka 1963 akaurudisha bila kudai malipo. Tofauti kati ya visa hivi viwili ni kwamba Compton alijua kusoma chuma na akawa na mtu wa kumuuliza.

Mrithi wa kawaida hana elimu hiyo. Akiutuma upanga Japani ili ukaguliwe, huangukia mtihani mgumu: ukionekana umefuliwa kwa jadi, husajiliwa na kuendelea, ukionekana ni wa kiwanda, wa wakati wa vita, hausajiliki, na usiposajiliwa hauwezi kubaki nchini kihalali na huenda ukaharibiwa. Siukubali mpaka huo. Upanga wa ofisa uliotoka kiwandani mwaka 1942 si sanaa, lakini ni ushahidi wa vita vilivyoua mamilioni ya watu Asia, na nchi yake ya asili ingepaswa kuwa na mlango wa kuupokea.

Lakini jambo ambalo lingebadilisha hali haraka zaidi ni dogo na liko mikononi mwa Japani. Bodi za elimu za mikoa zinayo tayari maelezo ya kila upanga uliosajiliwa. Badala ya nambari kufa mpakani, kibali cha kutoka kingebeba nambari hiyo, vipimo, picha ya nakago pande zote mbili, makadirio ya zama, na tamko moja la lugha mbili kwamba upanga ulifuliwa kwa jadi. Karatasi ya namna hiyo ingemjibu ofisa wa forodha wa Ulaya, ingempa mmiliki wa Uingereza utetezi ambao sheria inamdai, na ingemzuia muuzaji wa tatu au wa nne kuuza upanga uleule kwa jina jipya. Mwaka 2020 mji wa Setouchi katika mkoa wa Okayama ulikusanya michango na kuununua upanga Sanchomo, uliowahi kuwa wa Uesugi Kenshin, bwana wa vita wa karne ya 16, kwa yeni milioni 500, ili urudi Osafune, eneo la mji huo, ulikofuliwa. Nchi ambayo wananchi wake wako tayari kuchangia kiasi hicho kwa ajili ya upanga mmoja haiwezi kushindwa kuendelea kuzihesabu zile zinazoondoka.